Ndoo inanuka, lundo limepoa: tatizo la mboji ya choo liko wapi?

Ukichimba shimo la choo huku kwetu, pembezoni mwa jiji la Tanga upande wa Mwambani, unakutana na moja kati ya mawili: mwamba wa matumbawe unaovunja sururu, au maji. Masika moja choo chetu cha shimo kilifurika mpaka uani, na kisima cha jirani kiko hatua chache tu kutoka hapo. Ndipo tukahamia choo cha ndoo. Unajisaidia ndani ya ndoo, unafunika kwa unga wa mbao, ndoo ikijaa unaimwaga kwenye lundo, lundo linakaa hadi liwe mboji, mboji inakwenda bustanini. Ukisimuliwa hivyo unaona kazi ya mtoto. Mwaka wa kwanza nilikosea karibu kila hatua, na sasa wenzangu hapa mtaani wakikwama wananipigia simu, aghalabu usiku, aghalabu kwa sauti ya chini.

Haya ndiyo ninayoulizwa, nikianza na dalili unayoiona au kuinusa. Lakini shika hili kwanza: pwani hii, mchawi karibu kila mara ni maji. Maji ya kuchambia, mkojo, na mvua. Kabla hujalaumu ndoo, lundo au mkeo, uliza maji yameingilia wapi.

Mfumo wangu ni huu. Ndoo za plastiki za lita 20, zile zinazokuja na rangi ya ukuta, zenye mfuniko unaobana. Nyuma ya nyumba vizimba viwili vya tofali, kila kimoja mita moja na nusu kila upande, tofali zimeachiwa nafasi za kupitisha hewa, juu bati. Kimoja kinajazwa mwaka mzima, kingine kinapumzika. Chini nimemwaga zege lenye ukingo, kwa sababu matumbawe yamejaa nyufa na maji machafu hupita humo kuelekea kisimani bila kuchujwa na udongo. Aliye kwenye udongo mzito, tuseme kule Muheza, anaweza kuweka lundo juu ya ardhi tupu, ila mbali na kisima. Mita 30 ndizo zinazotajwa mara nyingi. Mimi ningeongeza.

Ndoo inanuka ndani ya choo

Nusa kwanza, usikimbilie dawa. Harufu zipo mbili na kila moja ina chanzo chake.

Ikiwa ni ya mayai viza au mtaro uliosimama, basi ndoo imezama. Hewa imekosekana, na vijidudu vinavyofanya kazi bila hewa ndivyo vinavyonuka. Miongozo mingi ya choo hiki imeandikwa na watu wanaotumia karatasi, kwa hiyo haikutaji kabisa tatizo letu. Sisi tunachamba kwa maji, na hilo si jambo la kujadiliana. Piga hesabu: watu wanne, kila mmoja kopo la nusu lita mara moja kwa siku, ni lita mbili. Kwa siku tatu umeshatia lita sita kwenye ndoo ya lita 20, na mkojo bado hujauhesabu. Hakuna unga wa mbao utakaonyonya yote hayo.

Dawa yake ni kutenga mahali pa kujisaidia na mahali pa kuchambia. Nilijenga jukwaa la mbao lenye tundu, ndoo chini yake, na kando yake kijisakafu cha saruji chenye mteremko na bomba la inchi mbili. Bomba linapeleka maji kwenye shimo fupi lililojazwa kokoto na kufunikwa, na pembeni yake kuna migomba miwili. Nikajiona fundi. Mama mkwe alipokuja kututembelea akaingia, akatoka, akanitazama juu mpaka chini.

“Mwanangu, nisogee hatua mbili nzima nami sijatawaza? Hii kanga yangu itakuwaje?”

Alikuwa na haki. Nilivunja nikajenga upya, sakafu ikaja nyuma ya tundu moja kwa moja, kati yake ukingo wa upana wa kiganja tu. Sasa mtu harudi nyuma zaidi ya nusu unyayo, bila kunyanyuka. Wageni wakikosea wakachambia ndani ya ndoo, natia unga mara tatu ya kawaida na ndoo hiyo naimwaga mapema. Shimo la kokoto nalo lisiachwe wazi, na liwe mbali na kisima, maana maji yale yana uchafu uleule uliotufanya tukihame choo cha shimo.

Harufu ya pili inachoma pua na macho, kama ile inayokupokea ndani ya mapango ya Amboni walikolala popo. Hiyo ni amonia. Mkojo ni mwingi kuliko kifunikio, au umetia majivu. Hapa nitagombana na wazee wangu, maana kila mtu aliyekulia na choo cha shimo anajua kutupia majivu. Kwenye choo cha kukausha, kisichokusudiwa kuchemka, majivu na chokaa vinafaa sana. Kwenye mboji ya kuchemka, yaani inayojipatia joto lundoni kama yangu, vinaharibu: vinaifukuza naitrojeni iende hewani kama amonia, na vikizidi vinawazubaisha vijidudu unaowategemea wakupe joto. Majivu yapeleke moja kwa moja kwenye shina la mgomba.

Mkojo nao utenge ukiweza. Mtu mzima hutoa lita moja hadi moja na nusu kwa siku, na sehemu kubwa ya naitrojeni ya mwili hutokea humo, kwa hiyo si wa kutupa. Wanaume wa nyumba yangu wana dumu lenye faneli na kifuniko. Kopo moja la mkojo kwa makopo matano ya maji, unamwaga kwenye udongo karibu na shina, si juu ya majani, kisha unafukia kidogo. Dumu likiachwa wazi litanuka, na hapo tatizo si la ndoo tena.

Kifunikio kinastahili neno. Maranda makavu, yale yanayojikunja kama utepe, yana matundu makubwa na harufu inapita katikati yake. Unga laini wa msumeno ndio mzuri, hasa uliokaa nje ukapata unyevu kidogo. Unga wa msaji unaotoka misitu ya Muheza huoza polepole mno, uchanganye na mwingine. Usichukue unga wa nguzo zilizotiwa dawa wala wa ubao wa kushindiliwa kwa gundi. Pumba za mpunga za kutandikia kuku hazinyonyi vizuri zikiwa peke yake. Vumbi la makumbi ya nazi ni bora kuliko vyote nilivyojaribu, lakini uliza makumbi yametoka wapi. Sababu nitaieleza kwenye mimea.

Nzi, na wadudu wanaotambaa ndani ya ndoo

Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo. Nzi wa nyumbani hajausikia. Akipata pa kutaga, siku chache una kizazi kipya.

Angalia funza wenyewe kabla ya kuamua. Akiwa mweupe, laini, kachongoka upande mmoja, ni mtoto wa nzi wa kawaida: kifunikio kilikuwa kidogo, au kuna pengo kati ya ndoo na jukwaa. Ziba pengo kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, funika mpaka usione chochote chenye unyevu, na hakikisha wanafamilia wanajua kuwa “kufunika” si kunyunyiza kama chumvi.

Akiwa bapa, mgumu wa ngozi, rangi ya udongo au kahawia, mwenye mapingili, huyo ni mtoto wa nzi mweusi mwembamba anayefanana na nyigu. Mwache. Hula taka kwa pupa, na huyo nzi akikua hana tabia ya kutua kwenye chakula chako. Binti yangu huwakusanya kulisha kuku. Nimemruhusu kuchukua wale wa ndoo ya maganda ya jikoni tu, wa ndoo ya choo hapana, kwa sababu kuku atabeba uchafu kwenye mdomo na miguu mpaka mlangoni.

Lundo halipati joto

Hili ndilo ninalopigiwa simu zaidi, na wengi hawajapima kwa chochote. Chukua nondo ya milimita 12, ichomeke hadi katikati ya lundo, kaa dakika kumi. Ichomoe, ifute kwa majani, shika sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa unashindwa kuishika, lundo liko hai. Ikiwa ni vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa, liko njiani. Ikiwa ni baridi, soma hapa chini. Kipimajoto chenye mkono mrefu kina hakika zaidi, na kwa usalama utakihitaji. Nondo inakuambia tu kama kuna moto.

Ukubwa kwanza. Lundo lisilofika mita moja kila upande linapoteza joto haraka kuliko linavyolitengeneza. Ukianza na ndoo mbili usitegemee joto, subiri kizimba kijae kiasi. Nyumba ya watu wawili inaweza kungoja miezi.

Ukubwa ukiwepo, chukua konzi kutoka ndani, kwa glovu, uikamue. Yakitiririka maji, lundo limezama. Likibomoka kama pumba, ni kavu. Inavyotakiwa ni tone moja au mawili tu kati ya vidole, kama kitambaa ulichokikamua ukakianika. Lililozama lifungue kwa uma wa shamba, changanya majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa, mabua ya mahindi. Vitu vigumu vinavyoacha vichochoro vya hewa. Kavu limwagie maji, au mkojo, na hapo mara nyingi linawaka ndani ya siku chache.

Ikiwa unyevu uko sawa na bado ni baridi, basi umezidisha unga wa mbao. Vijidudu hutaka kaboni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Unga wa mbao una mamia; kinyesi hakifiki hata kumi. Mtu mwoga wa harufu anafunika makopo matatu pale palipohitaji moja, mwishowe ana lundo la mbao lililopakwa choo kidogo. Ongeza mkojo, majani mabichi, maganda ya jikoni, samadi ya mbuzi.

Jambo moja la namna ya kumwaga: usimwage juu ukaondoka. Fungua katikati ya lundo kwa uma kama anayetengeneza kiota cha kuku, mimina humo, rudishia vile vya zamani juu, kisha nyasi kavu. Kipya kinaingia penye joto, na pembeni panabaki ukuta usiopitisha harufu. Maji ya kuoshea ndoo nayo yaende humo. Brashi ya kazi hiyo iwe ya kazi hiyo tu, na iwe na mpini mrefu.

Mabaki ya mkonge mabichi watu huniletea kwa hisani, kwa kuwa mkoa huu haujawahi kuyakosa. Yana maji mengi na uchachu. Yaanike kwanza.

Maji meusi yanavuja chini

Huonekana masika, Machi hadi Mei. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na kizimba kisicho na paa kinapokea fungu lake lote. Bati mbili na miti minne zinamaliza kazi. Turubai lililolazwa juu ya lundo linasaidia kwa muda, ila linafungia hewa, na upepo wa kusi utalichukua kama hukulikandamiza kwa tofali.

Kama paa lipo na bado linavuja, tandiko la chini halikutosha. Kabla ya ndoo ya kwanza weka nyasi kavu, makuti au majani ya migomba kimo cha goti. Maji yaliyokwisha kutoka yarudishe juu ya lundo. Usiyaelekeze bustanini hata kama yana rangi ya mbolea nzuri. Hayo hayajapita popote penye joto.

Kunguru, kuku, mchwa

Kunguru hufukua kutafuta funza, kuku hutifua, panya huingia kwa ajili ya mabaki ya chakula. Wavu wa kuku juu na pembeni, basi. Mchwa wakila mbao za kizimba, jenga kwa tofali. Wakiingia ndani ya lundo lenyewe wanakuambia ni kavu: mwagia maji.

Mimea inaungua ncha au inageuka manjano

Majani ya zamani, yale ya chini, yakigeuka manjano na mmea ukadumaa, mboji yako haikuiva. Mbao ambazo bado zinaoza zinainyang’anya mimea naitrojeni ya udongo. Iondoe juu, iachie miezi mingine, na kwa sasa upe mmea mkojo uliochanganywa na maji.

Ncha za majani zikikauka kahawia kama zimepitishwa motoni, ni chumvi. Mkojo una chumvi, hilo linajulikana, lakini mimi ilinichukua msimu mzima kumkamata mkosaji wa kweli. Nilikuwa nikichukua vumbi la makumbi bure kwa kina mama wasokota kamba. Bure ghali. Makumbi yale huwa yamefukiwa miezi kwenye matope ya pwani ili yalainike, na kila bamvua yanakunywa maji ya bahari. Niliramba kidogo la vumbi jipya, kabla halijakaribia choo, usicheke, nikaelewa. Miche ya bamia niliyokuwa nimeipanga kwa kamba ilikufa yote. Sasa makumbi ya matopeni nayaacha nje yapigwe na mvua masika nzima kabla ya kuyatumia, au natafuta ya nazi zilizofuliwa shambani.

“Lakini haina minyoo?”

Swali sahihi, na lisijibiwe kwa kunusa. Mboji inaweza kunukia udongo wa mvua ya kwanza na bado ikawa na mayai ya minyoo. Mayai ya minyoo ya mviringo ndiyo sugu kuliko mengine. Yakifa hayo, safura na bakteria wa kuharisha huwa wameshatangulia.

Vinavyoyaua ni joto na muda. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2006 lilitaja joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa angalau wiki moja, kwa mboji iliyochemka. Au kuhifadhi zaidi ya mwaka 1 mahali penye hali ya hewa ya nyuzi 20 hadi 35, kama kwetu. Mimi nafanya vyote viwili, kwa sababu pembe za lundo hazichemki kama katikati.

Kosa ninalolikuta kwa watu ni la kuhesabu. Mwaka unaanzia ndoo ya mwisho, si ya kwanza. Andika tarehe kwa chaki ya mkaa kwenye tofali siku unayofunga kizimba. Ukiongeza ndoo moja “ndogo tu” miezi mitano baadaye, futa tarehe, andika upya.

Hata hivyo naipeleka kwenye migomba, mipapai, michungwa na mipera, chini ya udongo. Mihogo, karoti na vitu vya kachumbari sivipi. Mchicha na matembele, ambavyo vinapikwa, navipa wakati wa kuandaa tuta, na hakivunwi chochote kabla ya mwezi kupita.

Nyumbani kukiwa na mtu anayeharisha sana, tenga ndoo yake. Ukihisi kipindupindu, acha habari ya mboji kabisa: kimbiza mgonjwa kituo cha afya na ufuate maelekezo yao juu ya uchafu wake. Klorini ikishatiwa kwenye ndoo, ndoo hiyo haiendi kwenye lundo. Pampasi na pedi pia haziendi, zina plastiki.

Jirani ananusa harufu ambayo haipo

Jirani yangu alilalamika wiki tatu. Afisa afya wa kata akaja, akazunguka kizimba, akainama, akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha alipokuwa amesimama. Harufu ilikuwa ya karo ya jirani mwenyewe. Hata hivyo nilipanda ukuta wa michaichai upande ule, na ndoo nazibeba alfajiri, zikiwa na mifuniko. Jambo ambalo watu hawalioni hawalinusi.

Najisi ni swali jingine, na huku kwetu litaulizwa tu. Shehe wa mtaa wetu aliniambia kinachoota si najisi, lakini tunda au jani lililogusana na mbolea yenyewe lioshwe, nami nioshe mikono na nguo kabla ya swala. Wewe muulize wako. Mimi nimeweka nguo za kazi hiyo kwenye msumari wake nyuma ya kizimba.

Hujui kama imeiva

Mwaka umetimia, umefungua. Rangi nyeusi, nyungunyungu wapo, unga wa mbao hauonekani ila vipande vya vifuu na mbegu za maembe. Hivyo vichekeche, vitupe kwenye lundo jipya. Kisha jaza mboji kwenye kopo la plastiki, itie unyevu, funika, weka kivulini siku tatu. Ukifungua ikanuka uchachu au amonia, bado inaoza.

Isiponuka, panda mbegu kumi za mchicha kwenye kopo la mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na kumi nyingine kwenye udongo mtupu. Mwagilia sawa. Baada ya wiki hesabu. Mwaka jana udongo mtupu uliniotea tisa, mboji ikaniotea nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa na mizizi iliyojikunja. Nikarudishia nyasi juu, nikafuta tarehe kwenye tofali.